Nusu Inchi na Ghorofa ya Tatu

Mimi ni mtu wa kujisifu, sifichi. Nyembe zangu ndizo kali kuliko za vinyozi wote wa mtaa huu, na ndevu zangu ndizo nzuri, na hesabu ningeziweza kama mwalimu wa kidato cha pili asingenichukia bure. Kwa hiyo mkiniona namsifu mtu mwingine, kaeni vizuri mnisikilize, kwa maana jambo hilo halitokei kila mwaka.

Mume wa dada yangu alikuwa fundi wa lifti. Wenzake walimwita Nusu Inchi, na hata dada yangu alipokuwa na hasira alimwita hivyo hivyo. Jina lilitokana na kazi. Lifti ikifika ghorofani na mlango ukifunguka, wewe unatoka huku unawaza tumbo lako. Yeye alipiga magoti. Aliweka kiganja kwenye sakafu ya ukumbi, akakisukuma taratibu mpaka kikavuka kizingiti na kuingia kwenye kibanda cha lifti. Kiganja kikikwaa ngazi, hata ya unene wa ukucha, alipanda kwenye chumba cha mashine juu ya paa na kukaza breki upya. Kisha alirudi, akaipandisha lifti kutoka chini akapapasa, akaishusha kutoka juu akapapasa tena.

"Kwa nini mara mbili?" nilimuuliza siku moja. Saluni yangu ya kunyolea iko mkabala na jengo lile la ghorofa saba alilolihudumia, na nilikuwa nimekwenda kumtania.

"Shemeji, lifti ina tabia ya binadamu," akasema akiwa bado amepiga magoti. "Breki zikichoka, ikipanda inapitiliza vidole viwili juu, ikishuka inapitiliza vidole viwili chini. Ukiipima kwa upande mmoja tu unadanganyika. Lazima wanaotoka chini na wanaotoka juu wakutane mahali pamoja, na hapo wanapokutana pawe na sakafu."

Nilicheka. Nilimwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini yeye ameinama mpaka suruali zote zimetoboka magotini. Sikujua kwamba alikuwa amenifundisha, bure kabisa, kitu ambacho serikali ingekuja kumwekea mtihani.

Aliishi hivyo miaka ishirini na sita. Alikuwa na watoto wawili wakubwa waliokwenda mbali na binti mmoja wa mwisho aliyebaki nyumbani, mwalimu wa muda wa hesabu katika shule ya jirani. Alikuwa na rafiki mmoja tu, fundi mwenzake, ambaye watu walimwita Pacha kwa sababu hukumwona mmoja bila mwingine. Pacha alikufa kazini. Alianguka kwenye shimo la lifti, ghorofa ya tatu ya jengo hilo hilo, miaka kumi na moja iliyopita. Walisema kufuli ya mlango ilikuwa mbovu. Tulizika, tukalia, na shemeji hakulitaja tena. Nasi hatukuuliza. Mtu akikaa kimya vizuri, watu huona haya kumsumbua.

Halafu ikaja barua.

Barua ilisema kwamba kila anayehudumia lifti lazima awe na leseni mpya, na leseni haitolewi bila cheti cha ufundi, na cheti kina karatasi ya hesabu. Wazee wa kazi walipewa nafasi tatu za kufanya mtihani. Mtihani wa kwanza shemeji alipata alama kumi na tisa. Wa pili, ishirini na saba. Zilihitajika arobaini. Ikabaki nafasi moja, na baada ya hapo, spana chini.

Waliosema elimu haina mwisho hawakuwahi kukalishwa dawati moja na vijana wa miaka ishirini wanaokuita "babu" wakati wanakuomba ufutio.

Kilichomwangusha ni sehemu ya mwisho ya karatasi, mwanzo wa kalkulasi: vikomo na mwendelezo. Binti yake akaamua kumfundisha mwenyewe. Jumapili mchana, vyombo vikishaoshwa, meza ya kulia chakula ilifutwa, akakaa baba upande huu na daftari, binti upande ule na kalamu nyekundu, na mimi katikati na maoni yangu.

"Mjomba, wewe huna mtihani," binti aliniambia.

"Nimekuja kuhakikisha ubora wa mafunzo."

Akaguna, akaandika fomula kwenye karatasi. Namba uipe jina x. Izidishe kwa yenyewe, toa tisa. Halafu gawa kwa x iliyotolewa tatu. "Baba, weka moja kwenye x."

Shemeji akapiga hesabu akitafuna ncha ya kalamu. "Nne."

"Weka mbili."

"Tano."

"Sasa weka tatu."

Akahangaika. Juu akapata sifuri, chini akapata sifuri. Akatazama karatasi kama mtu aliyefungua kabati lake akakuta nguo za mtu mwingine.

"Haigawanyiki," akasema.

"Ndiyo. Kwenye tatu fomula haina jibu. Lakini tunaweza kuuliza: je, inaelekea wapi tukikaribia tatu? Weka mbili nukta tisa."

Ikaja tano nukta tisa. Mbili nukta tisa tisa, ikaja tano nukta tisa tisa. Kutoka upande wa juu, tatu nukta sifuri moja, ikaja sita nukta sifuri moja.

Hapo nikashindwa kuvumilia. "Ni kama yule mteja wangu! Kila Jumamosi nampigia simu: uko wapi? Nakaribia, kinyozi, niko njiani. Nampigia tena: nakaribia, nimefika kwenye kona. Hajawahi kuketi kwenye kiti changu, lakini mtaa mzima unajua alikuwa anakwenda wapi."

Binti akaweka kalamu chini. "Mjomba, leo kwa mara ya kwanza umesema kitu cha maana. Hicho ndicho kikomo. Kikomo hakiulizi kama umefika. Kinauliza ulikuwa unaelekea wapi."

Nilivimba kichwa wiki nzima. Kila aliyekaa kwenye kiti changu nilimweleza kikomo, atake asitake, na wembe mkononi nani atabisha?

Jumapili iliyofuata ikawa zamu ya mwendelezo, na nikaleta mfano hai: kichogo cha mtoto wa jirani niliyemnyoa asubuhi. Nikamgeuza mbele ya meza. "Tazameni. Chini upara, juu nywele, katikati zinaongezeka kidogo kidogo, huoni ngazi. Huo ni mwendelezo. Kinyozi wa pale kona yeye anakata ngazi, unaona mstari kama sufuria ilifunikwa kichwani. Huo siyo mwendelezo, huo ni uonevu."

"Lakini," binti akasema akicheka, "masharti ni matatu. Kwanza, mahali penyewe pawe na jibu. Pili, wanaotoka kushoto na wanaotoka kulia waelekee mahali pamoja. Tatu, hapo wanapoelekea ndipo pawe hilo jibu."

Shemeji aliacha kuandika. Akainua uso, na nilimwona kijana tena, naapa. "Mwanangu," akasema, "hii ni lifti."

Akasimama, akachukua kitabu akakifanya sakafu, akachukua kisanduku cha viberiti akakifanya kibanda. Akakipandisha, kikapita. Akakishusha, kikapita upande wa pili. "Hapa hawakutani. Breki. Hakuna kikomo." Akarekebisha, kikasimama sawa na kitabu kutoka juu na kutoka chini. "Hapa kuna mwendelezo. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikipapasa mwendelezo na hakuna aliyeniambia!"

Dada yangu alitoka jikoni kuangalia ni nani anacheka. Ilikuwa muda mrefu tangu sauti ile isikike katika nyumba ile. Ningeweza kuifungia hadithi hapa na mngeniita mwandishi mzuri. Lakini ndugu zangu, sikuahidi furaha.

Binti akachukua kisanduku cha viberiti kutoka mkononi mwa baba yake. "Na ile fomula yetu ya wiki iliyopita, yenye tatu? Ni hivi." Akakipandisha kikasogea karibu na kitabu, akakishusha kikasogea karibu, halafu akakiondoa kabisa. "Kutoka chini inaelekea hapa. Kutoka juu inaelekea hapa hapa. Kila kitu kinakuambia sakafu ipo. Lakini ukifungua mlango, hapana kitu. Kuna tundu. Hata hivyo hilo ni tundu rahisi, Baba, linazibika. Unasema tu: kwenye tatu, jibu ni sita. Umeziba, fomula nzima."

Shemeji akatazama ile nafasi tupu juu ya meza. Akafunga daftari. Akasema anakwenda kuangalia bomba la nje, na bomba la nje lilikuwa limepona tangu mwaka juzi.

"Nimemchosha," binti alisema.

"Umemchosha," nikakubali, mimi mjuzi wa mambo yote. Hata sikuinuka kumfuata.

Mtihani ulifanyika asubuhi ya Jumatano. Dada yangu alimpigia pasi shati, mimi nilimnyoa bure, na nikamwambia akifaulu nitamnyoa bure mpaka kiama. Kufika saa nane alikuwa amerudi. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, kalamu bado mfukoni, na binti akaja mbio kutoka shuleni na chaki kwenye vidole.

"Baba! Vikomo vilikuja?"

"Vilikuja."

"Swali gani?"

Akamtajia, na sehemu zake zote tatu. Lilikuwa lile lile la meza ya chakula, x mara x toa tisa, chini x toa tatu. Binti akapiga makofi, nami nikapiga paja langu.

"Sehemu ya kwanza, tafuta kikomo kwenye tatu," binti akasema.

"Niliandika sita. Na jedwali lote."

"Sehemu ya pili, je kuna mwendelezo?"

"Niliandika hapana, na sababu: mahali penyewe hapana jibu."

"Sawasawa! Ya tatu, mtu aipe fomula jibu gani kwenye tatu ili iwe na mwendelezo? Hiyo ni zawadi, Baba. Uliandika sita tena."

Akaitoa kalamu mfukoni, akauvua mfuniko wake.

"Baba? Uliandika sita?"

"Sikuandika."

"Ulisahau?"

"Nilijua ni sita. Niliweka kalamu pale mara tatu. Mkono ulikataa."

"Mkono ulikataa?" Sauti ya binti ilipanda. "Kuandika tarakimu moja? Alama nne, Baba!"

Mimi nikafanya ninachofanya siku zote. "Labda ganzi," nikasema. "Hata mimi mkono hunikataa nikiombwa kuosha vyombo."

Hakuna aliyecheka. Shemeji alitia mkono mfuko wa nyuma, akatoa pochi yake kuukuu, na kutoka nyuma ya picha ya harusi akatoa kipande cha waya mwekundu, kifupi kama kidole changu cha mwisho, ncha zote mbili zimechunwa. Akakiweka juu ya goti.

"Kufuli ya ghorofa ya tatu ilikuwa inakwama," akasema. Alikuwa anaongea na ule waya. "Lifti haiendi mpaka mashine ijue milango yote imefungwa. Kufuli ikikwama, jengo zima linasimama na watu wanapiga kelele. Nikaunganisha waya huu mahali pa kufuli. Ukiweka waya, mashine inaamini mlango umefungwa, hata kama haukufungwa. Nikasema nusu saa tu, niteremke nilete springi mpya. Pacha alikuwa amekwenda kuchukua sanduku la vifaa. Mtu wa ghorofa ya tano akaita lifti. Ikaenda."

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni. Sikujua alikuwa pale tangu lini.

"Pacha alirudi mikono imejaa. Mnamjua alivyokuwa, akauvuta mlango kwa mguu, akaingia kinyumenyume huku anazungumza. Alikuwa ananiambia mimi kitu, nilimsikia nikiwa ngazini. Alidhani niko ndani." Akaugeuza waya juu ya goti. "Lifti ile isingeondoka. Bila waya isingeondoka."

"Na wakaguzi?" nikauliza.

"Niliutoa kabla hawajafika. Wakaandika kufuli mbovu."

Magari yalipita. Jirani alianika shuka, akatusalimu, hakuna aliyemwitikia.

Binti akachuchumaa mbele yake. "Baba, nisikilize. Ile ni karatasi. Ile ni namba tu."

"Na huu ulikuwa waya tu, mwanangu. Wanasema mahali pasipo na kitu, andika sita ili paonekane pazima. Mimi nilishapafanya paonekane pazima. Kila mtu aliamini. Hata Pacha."

Mimi ni mtu wa maneno. Nimewanyamazisha wateja wabishi, na mama mkwe wangu nimemwacha mdomo wazi mara mbili. Siku ile nilitafuta neno moja nikalikosa. Nikaokota mfuniko wa kalamu yake uliokuwa umeanguka, nikampa.

Matokeo yalibandikwa baada ya wiki sita. Thelathini na nane. Binti alisoma namba ile kwa kidole, akajumlisha zile nne kichwani kama walimu wanavyofanya, akarudi nyumbani akajifungia chumbani kwake. Hakumlaumu baba yake hata kwa neno, na naona afadhali angemlaumu. Jumapili meza haikufutwa. Daftari lilikaa juu ya kabati, na baadaye dada yangu alilitumia kuandikia dawa zake za presha na saa za kuzimeza.

Nilijaribu kumshawishi shemeji akate rufaa. Wakubwa wa mitihani walikubali kusikiliza wazee wa kazi, ilimradi mtu aeleze kwa maandishi kwa nini aliacha swali wazi wakati amejibu sehemu mbili za mwanzo bila kosa. Nikamwambia aandike alishikwa na kizunguzungu.

"Nitakuwa nimeweka waya wa pili," akasema.

"Basi andika ukweli!"

"Mjane wa Pacha anapita hapa kila asubuhi akienda sokoni, ananiita kaka. Atausikia ukweli kutoka ofisini, kwa mtu mwenye muhuri?"

"Mwambie wewe."

"Miaka kumi na moja, shemeji, nakaribia kumwambia," akasema. "Nakaribia, nakaribia."

Tarehe ya rufaa ikapita. Akakabidhi funguo za chumba cha mashine kwa kijana mwenye cheti safi, mwenye alama themanini na kitu, na viatu ambavyo havijawahi kuona grisi. Ile siku ya kukabidhi alimwomba kijana jambo moja tu: apime kutoka chini na kutoka juu. Kijana akasema, "Sawa, mzee," akiwa anatazama simu.

Mwezi uliopita ndipo alipomwambia mjane. Alikwenda peke yake, amevaa shati la mtihani. Alikaa huko muda mfupi mno. Sijui waliambizana nini; najua tu kwamba siku hizi mama yule anapita barabara ya nyuma kwenda sokoni, ambayo ni ndefu mara mbili na ina matope. Ndipo shemeji akaniambia niandike. "Andika kila kitu, na wewe usijiweke mbele sana," akasema. La pili nimejaribu.

Sasa shemeji hukaa kwenye kiti cha akiba katika saluni yangu. Anafagia nywele bila kuombwa na anatazama lile jengo mkabala. Watu wakitoka wanachechemea, anajua lifti haikusimama sawa. Mimi namtania bado, maana nikiacha atadhani amekwisha kufa. Ananijibu siku moja katika tatu.

Juzi jino liliniuma, na daktari wa meno yuko ghorofa ya nne ya jengo hilo. Nikamwomba anisindikize. Nilipanda lifti, yeye akapanda ngazi. Hajaingia kwenye lifti ile tangu alipokabidhi funguo. Lifti iliitwa kwanza ghorofa ya saba, ndipo ikanishusha ya nne; mlango ulipofunguka nikatoka kwa madaha yangu yote, na kidole cha mguu kikagonga kizingiti, nikaanguka kifudifudi mbele ya wagonjwa sita na msichana wa mapokezi. Kibanda kilikuwa kimesimama vidole viwili chini ya sakafu.

Nilipokuwa nasimama, natafuta mzaha wa kujifunika nao, shemeji akatokea kwenye ngazi akihema. Alinitazama mimi, akatazama mlango. Akapiga magoti pale pale. Akaweka kiganja kwenye sakafu ya ukumbi, akakisukuma taratibu mpaka kikafika ukingoni.

"Mzee," msichana wa mapokezi akaita, "umeangusha kitu?"

Kiganja kilikuwa kimesimama kwenye ile ngazi ya vidole viwili. Lifti ikaitwa na mtu wa ghorofa nyingine, mlango ukaanza kujifunga, na mimi nikamvuta bega ili autoe mkono.

"Hapana, mwanangu," akasema. Akainuka, akajipangusa magoti, akakaa kwenye benchi la wagonjwa kunisubiri.